Dainamo ya Trekta Kuukuu: Wakati wa Kuishtua na Wakati wa Kuiacha

Trekta likikaa bila kazi msimu mzima, kisha siku ya kuliwasha mshale wa ampia ukagoma kupanda, ushauri haukawii kufika. Atatokea mtu, aghalabu yule asiye na spana mkononi, aseme dainamo imepoteza sumaku: chukua waya, gusisha na betri, ishtue. Kuna siku anasema kweli. Siku nyingi zaidi mkanda umelegea, kaboni zimelika hadi mwisho, au waya wa ethi umekazwa juu ya kutu na rangi. Kushtua dainamo ni dawa ya ugonjwa mmoja tu: dainamo ambayo sumaku yake imegeukia upande usiotakiwa, au imefifia mno. Kwa magonjwa mengine haisaidii kitu, na ukikosea pa kugusa unaunguza regyuleta iliyokuwa nzima.

Nazungumzia dainamo hasa, si alteneta. Ndiyo iliyofungwa kwenye Ferguson TE20, zile za kijivu zilizotoka kiwanda cha Coventry kati ya 1946 na 1956. Kwenye Massey Ferguson 35 na 135 za mwanzo, ambazo Afrika Mashariki bado hazijaisha mashambani. Kwenye Fordson Major. Na huko Marekani kwenye Ford 8N na Farmall. Dainamo ya Lucas utaitambua kwa umbo lake: silinda ndefu nyembamba isiyo na matundu mengi, nyuma ina terminali mbili, D kubwa na F ndogo. Alteneta ni fupi na nene, na ukichungulia matunduni utaona koili za shaba zimezunguka pande zote. Tofauti hiyo ijulikane kabla waya haujashikwa, maana alteneta haishtuliwi kabisa. Nitaeleza mbele kwa nini.

Ndani ya dainamo hamna sumaku ya kudumu. Kuna vipande vya chuma laini vilivyokazwa ukutani kwa skrubu kubwa, na kila kipande kimevishwa koili. Hizo ndizo koili za fildi. Katikati huzunguka armecha. Umeme ukipita kwenye koili, chuma kinakuwa sumaku; ukikatika, sumaku karibu yote inaondoka, lakini inabaki chembe. Injini ikiwashwa kesho yake, armecha inazunguka mbele ya chembe hiyo na kuzalisha volti moja au mbili. Volti hizo zinarudi kwenye koili, chuma kinapata nguvu zaidi, armecha inazalisha zaidi, na kabla hujamaliza kukaa vizuri kwenye kiti dainamo imefika volti 13. Hapo kataoti, swichi iliyo ndani ya regyuleta, inafunga na betri inaanza kupokea. Kwenye regyuleta ya Lucas ya aina ya RB106, iliyofungwa kwenye maelfu ya matrekta na magari ya Kiingereza, kataoti hupangwa ifunge kati ya volti 12.7 na 13.3.

Mbinu hii ya mashine kujilisha yenyewe ina umri wa zaidi ya karne moja na nusu. Kabla yake jenereta zilitegemea sumaku za kudumu, nzito na dhaifu. Mwishoni mwa 1866 Werner von Siemens huko Berlin, na Samuel Alfred Varley na Charles Wheatstone huko Uingereza, kila mmoja kwa njia yake, waligundua kuwa chembe ya sumaku iliyobaki chumani inatosha kuanzisha kazi. Tarehe 14 Februari 1867 taarifa ya Wheatstone na ile ya akina Siemens zilisomwa siku moja mbele ya Royal Society, London. Trekta lako linaendesha wazo hilohilo, bila nyongeza kubwa.

Chembe hiyo ina upande. Ikielekea huku, kaboni isiyo ya ethi inatoa chanya. Ikielekea kule, inatoa hasi. Dainamo yenyewe haijali. Kwa kuwa koili zinalishwa na armecha hiyohiyo, volti zitapanda sawasawa kwa upande wowote ule, na mita itakuonyesha mashine yenye afya njema. Mwenye kujali ni betri. Ndiyo maana kushtua si kuongeza nguvu, kama wengi wanavyodhani. Ni kuiambia dainamo upande wa betri iliyofungwa kwenye trekta hili, leo.

Isipoambiwa, au ikiambiwa vibaya, mambo yanakwenda hivi. Injini inawashwa. Taa ya chaji, ambayo ilitakiwa ififie kadiri mafuta yanavyoongezwa, inazidi kung'aa, kwa sababu sasa betri na dainamo zinaisukuma kwa pamoja badala ya kupingana. Hiyo ndiyo dalili safi kuliko zote za dainamo iliyogeuka, na inaonekana bila kipimo chochote. Volti zikifika 13, kataoti inafunga bila kuuliza, kwa sababu koili yake huvuta bamba kwa umeme wa upande wowote. Pointi zikigusana, volti 13 za dainamo zinajumlishwa na 12 za betri, na kote njiani hakuna kizuizi chochote cha maana. Unasikia mlio mkavu, mshale wa ampia unalala upande wa kutoa, na harufu ya plastiki inafuata. Ukifungua kofia ya regyuleta utakuta pointi za kataoti zimeungua nyeusi au zimeshikana kabisa. Zikishikana, hata ukizima injini betri inaendelea kumwaga umeme ndani ya dainamo iliyosimama, na waya mnene unapata moto. Dawa ya hapo ni kuvua terminali ya betri upesi, kabla ya kuuliza nani kafanya nini.

Kwa hiyo kuna nyakati ambazo kushtua si hiari. Ya kwanza ni dainamo ngeni. Iwe imetoka dukani, imesukwa upya, au imeng'olewa kwenye trekta lililokufa kijiji cha pili, hujui mara ya mwisho ilijifunza upande gani. Huenda aliyeijaribu mezani aligusisha tu waya uliokuwa karibu. Ya pili ni betri iliyofungwa kinyume, hata kwa dakika chache, au betri iliyochajiwa kinyume nje ya trekta hadi ikageuka. Kosa la betri watu hulisahihisha haraka na kwa aibu, wakarudisha nyaya mahali pake, wakadhani yameisha; dainamo imebaki na upande wa kosa. Ya tatu ni dainamo iliyolala miaka ghalani, au iliyopigwa nyundo na kupashwa moto wakati wa kung'oa skrubu za ndani. Chuma hakisahau kirahisi. Kuzima injini, kutoa betri kwa wiki mbili, kulala kipindi chote cha kiangazi, yote hayo hayaifuti sumaku. Miaka mingi na nyundo huweza.

Ya nne inahitaji maelezo marefu kidogo, kwa sababu ndiyo inayowakamata watu wengi: kubadilisha ethi. Waingereza, kuanzia miaka ya 1930 hadi katikati ya miaka ya 1960, walifunga chanya kwenye bodi. Ferguson TE20 iliondoka kiwandani hivyo, na Ford 8N ya Marekani nayo ilikuwa chanya kwenye bodi, tena kwa volti 6. Baadaye dunia nzima ilihamia hasi kwenye bodi. Trekta lenye miaka sitini limepita mikononi mwa mafundi wengi, na hakuna mwaka wa kiwanda unaoweza kukuhakikishia limefungwaje leo. Fuata waya mnene wa betri unaokwenda kwenye bodi ya trekta, tazama umetoka terminali gani. Hiyo ndiyo taarifa pekee ya kuaminika.

Anayehamia hasi kwenye bodi, labda kwa sababu anataka kuweka taa za LED au redio, ana kazi ndogo kuliko anavyoogopa. Anageuza betri, anabadilishana nyaya za ampimita ili isisome kinyume, na kama injini ni ya petroli anageuza nyaya ndogo za koili ya moto. Stata haiguswi. Itazunguka upande uleule, maana umeme wa koili zake na wa armecha yake hugeuka pamoja na matokeo hayabadiliki. Taa za kawaida hazina upande. Kilichobaki ni dainamo, na dainamo lazima ishtuliwe kabla injini haijawashwa hata mara moja. Wanaosahau hatua hii hununua regyuleta.

Sasa upande wa pili wa swali, ambao vitabu vya mafundi huupa nafasi ndogo: wakati wa kuiacha. Kama mshale wa ampia unapanda hata kwa ampia moja upande wa kuchaji, dainamo hiyo inajua upande wake. Kuishtua hakutaifanya itoe ampia nyingi zaidi, maana mara tu ikizunguka koili hupokea umeme mkubwa kuliko ule wa kuanzia, na chembe ya mwanzo haina neno tena. Dainamo inayochaji kidogo, au inayochaji leo na kugoma kesho, ina shida nyingine. Anza na mkanda. Ukiubonyeza kwa kidole gumba katikati ukazama sana, unateleza. Kisha kaboni: vua ukanda wa nyuma au kifuniko, zitoe, tazama kama zinateleza vizuri ndani ya vishikio na kama springi bado zinasukuma. Kisha komyuteta, ile duara ya vipande vya shaba. Ikiwa nyeusi na ina mafuta, isuguliwe kwa msasa laini sana na kufutwa kwa petroli. Mifereji kati ya vipande nayo isafishwe. Halafu ethi kati ya dainamo, regyuleta na bodi. Trekta lililopakwa rangi upya na mwenye kupenda mapambo mara nyingi linakataa kuchaji kwa sababu hiyo tu: rangi imeingia kati ya mguu wa regyuleta na chuma.

Na usidai chaji injini ikiwa kwenye silensa. Dainamo ya Lucas C40 inahitaji mizunguko karibu 1,450 kwa dakika ndipo ifike volti za kuchaji, na hata ikikaza mwendo haitoi zaidi ya ampia 22. Anayetoka kwenye pikapu yenye alteneta huona mshale umelala na kuanza kuihukumu mashine isiyo na kosa.

Kuna wanaobisha ushauri huu wa kuiacha, na hoja yao si ya kupuuzwa. Kampuni ya Delco-Remy ya Marekani iliagiza katika vitabu vyake kwamba kila dainamo ikifunguliwa nyaya na kufungwa tena, ishtuliwe kabla ya kuwasha. Kama mwenye kiwanda anasema kila mara, sisi ni nani? Nionavyo mimi, agizo lile liliandikwa kwa ajili ya karakana, ambako dainamo hung'olewa, ikapimwa mezani kwa betri nyingine, ikarudi bila mtu kukumbuka nini kiligusa nini. Kwa mwenye karakana ni bima ya bure, na anajua aina ya dainamo aliyoshika. Kwa mtu wa shambani aliyevua waya mmoja ili afute kutu na kuurudisha, hakuna kilichobadilika ndani ya chuma, na bima hiyo ina gharama: akikosea aina, anaharibu.

Aina ziko mbili, na hapa ndipo pa kutulia. Katika aina ya kwanza, ambayo Lucas na Ford walitumia, mwisho mmoja wa koili za fildi umefungwa kwenye bodi ndani ya dainamo. Regyuleta hulisha F kutoka D. Katika aina ya pili, ambayo Delco-Remy walipendelea, koili zimeungwa ndani kwenye kaboni yenye umeme, na regyuleta ndiyo inayoipeleka F kwenye bodi. Kwa nje hazitofautiani sana. Kuzijua, vua nyaya zote mbili, weka kipande cha kadi chini ya kaboni isiyo ya ethi, pima kwa mita kati ya F na bodi. Ukipata omu chache, karibu 6 kwa Lucas ya volti 12, ni aina ya kwanza. Mita isiposoma kitu, ni ya pili.

Aina ya kwanza hushtuliwa hivi. Betri ifungwe kama itakavyokaa daima. Injini imezimwa. Vua waya wa F kwenye dainamo, uuweke mbali na chuma. Chukua waya mwingine kutoka terminali ya betri isiyo ya ethi, gusisha F ya dainamo, hesabu moja, ondoa. Rudia mara mbili tatu, kisha rudisha waya wa F. Huna haja ya kufikiria chanya wala hasi. Maadamu betri imekaa upande wake, umeme utapita koilini kwa mwelekeo unaotakiwa. Kwa omu 6, kinachopita ni ampia 2 tu, kiasi kidogo kisichoweza kudhuru kitu. Waya wa F lazima uvuliwe kwanza kwa sababu regyuleta ikiwa imetulia, pointi zake zimeunganisha F na D. Ukigusisha betri bila kuvua, umeme unapita regyuleta kwa kinyumenyume hadi kwenye armecha iliyosimama, ambayo karibu haina kizuizi, na pointi zile ndogo zinaungua.

Tazama cheche. Unapogusisha huoni kitu cha maana. Unapoondoa, koili inapinga kukatwa na kutoa cheche ndogo ya samawati. Hiyo ndiyo unayoitaka. Pasipo na cheche yoyote, koili imekatika au kiungo cha ndani kimeachia, na hakuna kushtua kutakakosaidia. Ikiruka cheche nene ya njano hata wakati wa kugusisha, kuna shorti. Dakika moja ya macho hapa inaokoa siku nzima ya kubahatisha.

Aina ya pili haiguswi F hata kidogo. Nyaya zote zinabaki mahali pake, na kwenye regyuleta unaunganisha BAT na GEN kwa waya mfupi, kwa mguso wa haraka. Cheche itakuwa kubwa zaidi, kwa sababu armecha nayo inapokea. Anayechukua njia ya Lucas na kugusisha betri kwenye F ya Delco anapeleka umeme koilini kwa mwelekeo wa kinyume, na huohuo unamwagika kwenye pointi za regyuleta kwenda bodi. Yaani ameigeuza dainamo aliyokuja kuinyoosha, na ameunguza kilichokuwa kizima. Nadhani visa vingi vya "niliishtua ikafa kabisa" vimetoka hapa.

Kwa dainamo iliyosukwa upya napendelea njia nyingine, inayoshtua na kupima kwa pamoja: kuiendesha kama mota. Ikiwa mezani au mkanda umevuliwa, unganisha D na F kwa waya mfupi (kwa aina ya pili, F iende bodi), kisha lete betri: terminali ya ethi kwenye bodi ya dainamo, nyingine kwenye D. Dainamo nzima itazunguka polepole, bila kukwama, kwa kutumia ampia chache. Ikizunguka kwa kusitasita, komyuteta au armecha ina kasoro. La muhimu zaidi ni upande inakozunguka: inapaswa kwenda kulekule ambako mkanda huizungusha. Ikienda kinyume, aliyesuka amebadilisha ncha za koili. Dainamo ya namna hiyo ikifungwa kwenye trekta, volti zake ndogo za mwanzo zitakuwa zinaifuta sumaku badala ya kuilisha. Unaweza kuishtua asubuhi na jioni na haitachaji kamwe, mpaka ncha zile zibadilishwe. Mafundi wa kusuka mota wa mjini ni hodari, ila wengi wamezoea mota za pampu na mashine za kusaga, na kosa hili halionekani kwa macho.

Kuhusu alteneta, neno fupi. Ndani yake kuna dayodi zinazopitisha umeme upande mmoja tu, na ile iliyofungwa kiwandani huanza kazi kwa umeme wa betri unaopita kwenye taa ya chaji, kwa hiyo haitegemei kumbukumbu ya chuma. Waya wa kushtua ukigusa mahali pasipostahili, dayodi zinakufa papo hapo. Betri iliyofungwa kinyume nayo huziua vivyo hivyo.

Baada ya kushtua, usikimbilie kuwasha taa zote. Pima kwanza. Vua nyaya za D na F, ziunganishe terminali hizo mbili za dainamo kwa waya usio na ganda, weka mita kati ya waya huo na bodi, washa injini na ongeza mafuta pole pole. Kwa Lucas, volti zipande haraka bila kuyumba. Usiziache zipite 20, na usiikaze injini kuzitafuta. Mita ikisimama kwenye nusu volti hadi moja, chembe ya sumaku ipo lakini koili za fildi hazifanyi kazi. Ikisimama kwenye 4 au 5, shuku armecha. Ikipanda vizuri, na kwa upande sahihi, dainamo imemaliza wajibu wake. Rudisha nyaya, kisha pima D na F kwenye mwisho wao wa regyuleta, maana panya na mtikisiko hukata waya ndani ya ganda bila kuonekana. Umeme ukifika pale na betri bado haipati kitu, fungua kofia ya regyuleta utazame pointi za kataoti na ile skrubu yake ya ethi.